Kiduka cha chai chungu Xiaobei, mnaokuja Guangzhou kuchukua mzigo msikipite

Kipo uchochoroni ukitokea stesheni ya metro ya Xiaobei, hakina kibao cha Kiingereza, utakijua kwa yale madumu ya shaba yenye umbo la kibuyu yanayong'aa hapo kaunta. Wanauza liangcha, ndo chai ya mitishamba ya watu wa Guangdong, wanakunywa wakiona joto limezidi mwilini yaani vidonda mdomoni, koo linawasha, chunusi zinatoka. Mi nilifika mwezi wa 7, fukuto kama la Dar mwezi wa 2, siku nne nakula vya kukaanga tu na mdomo umeshachanika.

Mama muuzaji (huku wanawaita ayi, ni kama shangazi kwetu) hakukimbilia kuniuzia. Akaniambia nitoe ulimi, akautazama, halafu kwa ile programu ya kutafsiri kwenye simu akaniuliza tumbo likoje, usingizi je, kuna dawa yoyote natumia? Nikamwambia natumia ya presha. Dada mmoja mjamzito alikuwa mbele yangu kwenye foleni, huyo alikataliwa kabisa chai kali, na hapo ndo nikaanza kumwamini yule mama.

Nikapewa ershisiwei, ile ya mimea 24. Ni chungu jamani, mwarobaini cha mtoto! Inaanza nyuma ya ulimi inateremka na koo lote, lakini ukimaliza kikombe anakupa kipande cha ganda la chungwa lililokaushwa, lina utamu na chumvi kidogo, ukilitafuna tu mdomo unarudi. Nililipa yuani 8.

Ukutani kuna mchoro wa ladha tano na viungo vyake, nilisimama pale muda mrefu. Uchachu unaenda kwenye ini, uchungu moyo, utamu wengu, ukali wa tangawizi na vitunguu mapafu, chumvi figo. Nikauliza, kwa hiyo nikiongeza chumvi figo zangu zitapata nguvu? Akapunga mkono hapana hapana, kila ladha kidogo inalisha, ikizidi inaumiza. Na kweli kitabu chao cha kale Huangdi Neijing, kina miaka kama 2,000 hivi, kinasema ukila chumvi nyingi damu inakuwa nzito kwenye mishipa, mwenye presha hapo anaelewa mara moja. Alinieleza pia kwamba wakisema figo hawamaanishi kile kiungo cha hospitali peke yake, kwao ni pamoja na mifupa, nywele, uzazi, hata kusikia. Kwa hiyo mchoro usome kama mpangilio wao wa chakula, mi umenifanya nijiulize kwenye sahani kuna nini, ila figo zako kapime damu hospitali na dawa usiache.

Nalisema hili kwa uchungu maana duka jingine, silitaji, walitaka kuniuzia pakiti za "nguvu ya figo" hazina hata maandishi ya kilichomo ndani. Msinunue! Ubelgiji miaka ya 1990 mwanzoni wanawake wengi walioharibika figo walikuwa wametumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina, ndani ulikuwemo mmea wa jamii ya aristolokia uliochukua nafasi ya mwingine, wengine waliishia kubadilishiwa figo. Kwa yule mama mimea yote imo kwenye mitungi ya kioo na anakutajia mmoja mmoja.

Nyota 4. Moja nimetoa kwa kuwa hakuna pa kukaa, unakunywa umesimama na mizigo miguuni watu wanakupita. Vidonda vilipoa siku ya tatu, sijui ni chai au ni vile niliacha vya kukaanga kama alivyoniambia. Kama hujazoea uchungu anza na ile ya maua ya krisanthemamu, na nenda asubuhi, jioni dumu la ershisiwei linakuwa limeshaisha.