Ujiji kwa Livingstone: msipite haraka haraka, na muulizieni Susi

Jamani nimetoka Kigoma wiki iliyopita na mdogo wangu wa kidato cha tatu, tulienda na treni kutoka hapa Tabora maana nilishamuahidi kitambo nitampeleka Ujiji akaone pale Stanley, yule mwandishi wa habari, alipomkuta Livingstone, yule mmisionari mzungu aliyekuwa akitafutwa, mwaka 1871. Naandika kwa sababu watu wengi wanafika pale wanapiga picha dakika kumi wanaondoka, halafu wanakuja kusema hakuna kitu. Kitu kipo, tena kikubwa!

Kutoka stesheni (lile jengo la Mjerumani, reli ilifika 1914 ikaishia hapo, ndo maana wanaita mwisho wa reli) mpaka Ujiji ni kama kilomita kumi. Nenda Mwanga, palepale mjini Kigoma, panda daladala, usifanye kama sisi tuliochukua bajaji, jamaa akatuzungusha mitaa tusiyoijua halafu mwisho akaongeza bei kwa kusema njia ilikuwa ndefu. Iliniuma kwa kweli, njia kaichagua yeye mwenyewe.

Pale ndani kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba, kuna makumbusho, na ukiingia unawakuta Stanley na Livingstone wametengenezwa wakubwa kama watu kabisa, kofia mkononi, wanasalimiana. Mdogo wangu akacheka kwa furaha, akasema ni kama kile kitabu chao. Nje kuna miembe, na mzee anayetembeza wageni alituambia mwembe wenyewe wa zamani ulishakufa, hii imetokana na ule. Tulifika mwezi huu wa kumi na moja, na kwenye jiwe imeandikwa walikutana Novemba 10, kwa hiyo maembe yalikuwa yanadondoka pembeni yetu tukiwa tunasikiliza, nikawaza labda siku ile nayo ilinukia hivihivi.

Sasa sikieni. Mzee alimaliza maelezo ya kawaida, yale ya Stanley kusema "Dr Livingstone, I presume?" (nadhani wewe ndiye Dokta Livingstone), mimi nikamuuliza, mzee wangu, na watu wao je, wale Waafrika? Aisee yule mzee alibadilika, akavuta kiti, akasema kaeni wanangu. Akatuambia mtu wa kwanza kumsalimia Stanley alipoingia Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, alimtokea katikati ya umati wa watu akamwamkia kwa Kiingereza, akaja na Chuma, mtumishi mwenzake, naye akamwamkia, halafu Susi akatoka mbio kwenda kumwambia bwana wake kuna mzungu anakuja. Yaani ile sentensi maarufu dunia nzima imekuja baadaye, salamu ya kwanza ni ya Susi. Mdogo wangu akaniangalia, "Kaka, mbona hii hatujafundishwa?" Sikuwa na jibu.

Na Livingstone alipofariki 1873 kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, ni haohao kina Susi na Chuma na wenzao waliozika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga vizuri wakaubeba kwa miguu miezi kama tisa mpaka Bagamoyo. Na walipita Kwihara! Kwihara hii ya kwetu Tabora, ambayo mimi napita na pikipiki naenda shamba na sijawahi hata kusimama. Hapo nilinyamaza kabisa.

Kwa hiyo ukifika usione aibu kuuliza, maelezo mazuri yanakuja ukiuliza. Enda asubuhi mzee hajachoka na wageni hawajawa wengi.

Ukitoka pale usirudi mjini, shuka kwa miguu mpaka ziwani. Tuliwakuta mafundi wanatengeneza mtumbwi mkubwa wa mbao, kijana mmoja anachovya pamba kwenye mawese, anaisokota kwa vidole halafu anaigongelea kwenye nafasi kati ya mbao na mbao, taratibu, gonga, gonga, mikono yote ya rangi ya chungwa. Anasema ndo kalafati yao, maji hayapiti. Tulisimama nusu saa nzima, na mdogo wangu akaruhusiwa kugonga kidogo.

Kula tulikula kwa mama ntilie palepale, ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwani aliyevuliwa asubuhi hiyo, mimi nilirudia. Gesti tuliyolala mjini siisifii, maji yalikatika usiku na hakuna aliyetuambia mapema, hivyo uliza maji kabla hujalipa.

Kurudi, wahi kabla ya saa kumi na moja. Sisi tulichelewa kwa ajili ya ule mtumbwi, daladala zikawa zimejaa, tukasimama hadi Mwanga na mfuko wa maembe mkononi.