Waranti ya mwaka mzima, kumbe hedi haimo

Nilisema nitulie kwanza ndipo niandike. Mvua zimepita, sijatulia.

Nina studio ya picha Morogoro, siyo kubwa, ila harusi nyingi za mtaani kwetu zinapita kwangu. Mwaka juzi nikajikaza, nikanunua printa ya picha ya A2, ile ya katriji nyingi za wino wa pigmenti, mpya kwenye boksi, duka moja la Kariakoo, risiti ya EFD mkononi. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Muuzaji alinimaliza kwa neno moja tu: waranti. "Dada, hii ina waranti ya mwaka mzima. Hata ikikohoa, unatuletea." Nikalipa. Nusu ya ile hela ilikuwa mkopo wa kikoba.

Haikukohoa mpaka kama mwezi wa tisa hivi tangu niinunue. Ijumaa usiku, albamu inachukuliwa kesho asubuhi, picha inatoka bibi harusi ana uso wa kijani. Kijani kabisa, kama kapakwa kisamvu. Nikachapa ule mchoro wa kupima nozo, vile vitundu vya kutolea wino: rangi nyingine zimekaa sawa, majenta, ile nyekundu ya kuelekea zambarau, ina mapengo kama chanuo la bibi. Nikasafisha hedi, kile kichwa chenye hivyo vitundu, mara moja, mbili, tano. Kila ukisafisha inakunywa wino, unaisikia kabisa inavyofyonza, na bei ya katriji kila mwenye printa hizi anaijua. Mapengo yakazidi.

Sasa "unatuletea" maana yake nilikuja kuielewa siku hiyo. Fundi haji. Unakwenda wewe. Printa ya kubebwa na watu wawili, nikalipa vijana pale Msamvu wakaiingiza kwenye buti la basi, nikamsihi konda asiilaze ubavu maana ina wino ndani. "Haina shida, mama." Kufika Mbezi naikuta imelala ubavu chini ya gunia la mpunga, boksi limelowa wino kwenye kona. Nikakodi kirikuu mpaka mjini na roho mkononi.

Pale kaunta kuna kijana, spika ya simu sikio moja, anakula karanga. Boksi hakufungua. Alichukua karatasi yangu ya nozo akainyanyua kwenye taa kama anakagua noti bandia, akasema, "Mama, umeweka wino wa mtaani." Mimi! Nilikuja na katriji zangu tupu zote kwenye kiroba, halisi tupu, nikazimwaga pale juu ya kaunta. Hakuzitazama hata moja. Akachukua kadi yangu ya waranti, akaweka kidole chenye maganda ya karanga kwenye mstari wa mwishoni kabisa, herufi kama sisimizi. "Hedi inahesabiwa kama wino. Inatumika, inaisha. Haimo."

Nikamuuliza: kwenye printa ya wino, ukitoa wino, ukatoa na hedi, kinachobaki kwenye waranti ni nini? Plastiki?

"Mama, ungesoma."

Ungesoma! Kadi yenyewe ilikuwa ndani ya boksi lililofungwa kwa gundi. Ningeisomea wapi kabla sijalipa?

Hapo ndipo nilipoapa kwamba simshauri mtu yeyote kununua printa hii, na sitaki kusikia habari ya rangi zake. Jirani yangu anayechapa ramani za majengo ana HP DesignJet. Hedi ikichoka anaichomoa mwenyewe, anapachika nyingine, anaendelea na chai yake. Yangu hedi imezamishwa ndani, mpaka fundi afungue mashine nzima. Hilo ndilo swali ambalo ningeuliza Kariakoo siku ile badala ya kuhesabu miezi: hedi inatoka kwa mkono au kwa bisibisi? Na la pili, waranti hii ni ya nchi gani, maana mzigo uliopitia Dubai unaweza kuja na kadi isiyotambuliwa huku. Mwaka mmoja, miaka mitatu, hiyo ni hesabu ya kwenye bango.

Ila kuna jambo sikulisema pale kaunta, acha niliseme hapa. Kijana aliniuliza, "Unaizimia ukutani?" Nikasema hapana. Nilidanganya. Huwa naizima kwenye soketi, na umeme nao ukikatika katikati ya kazi hedi inabaki nje, haijarudi kwenye kifuniko chake, wino unaikaukia. Nilikuja kulijua hilo baadaye, lakini nililijua. Kwa hiyo huenda yule mla karanga alikuwa na haki kidogo. Kidogo tu. Kwenye waranti hakukosea, alikosa adabu.

Baada ya siku kadhaa akanipigia fundi mwingine wa hapohapo, mtu mzima, sauti ya upole. Akasema boksi limefunguliwa, katriji ameziona, wino ni halisi, atanifanyia hedi kwa nusu bei. Nikalipa kwa manung'uniko. Nilipoenda kuichukua, yule kijana akaniamkia, "Shikamoo mama." Marahaba ilitoka kwa shida.

Na sasa, jamani, nifanye nini? Juzi nimechapa picha ya bibi na babu, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi isiyong'aa. Ule weusi ni wa sufuria la kuni, unaona kila uzi wa kanga. Mteja alilia. Nilitaka kutoa nyota moja, sasa naona ni tatu, nikimkumbuka yule wa karanga zinarudi mbili.

UPS nimenunua, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Kile kiroba cha katriji tupu bado kiko chini ya meza, na sikitupi.