Chipu huria na nyumba iliyokataa kugeuka

Sitasema kwamba bodi hii ya kompyuta ni mbovu, kwa sababu nimekaa nayo miezi kadhaa na haijanizimikia hata mara moja, lakini anayetaka kuinunua kwa kazi ya michoro namwomba anisikilize kwanza.

Mimi huchora ramani za nyumba hapa Wete. Bodi hii ya prosesa ya RISC-V, yaani muundo wa maelekezo ya prosesa ulio wazi kwa yeyote kuutumia, nilimwagiza ndugu yangu katika duka moja la Mlandege, ikaja kwa boti. Muuzaji alimhakikishia kwamba chipu ni huria, kwamba mfumo endeshi wa Linux unaingia bila taabu, na kwamba prosesa yenyewe itachora kila kitu bila chipu ya michoro. Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza, na linaniudhi zaidi kwa kuwa si uongo: inachora, ila kwa mwendo wake.

Siku moja alikuja mzee kuitazama nyumba yake kwenye kioo cha kompyuta kabla hajampelekea picha mwanawe aliyeko Maskati. Nikaishika kwa kipanya ili niigeuze aione baraza. Ikasita, ikaruka hatua moja, ikasita tena, mfano wa gari la ng'ombe linalopanda kilima na shehena ya mawe, huku feni ikivuma. Mzee alingoja kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na ujenzi nao utakwenda kwa mwendo huu?"

Kioo changu kina nukta zaidi ya milioni 2, na picha ikibadilika mara 30 kwa sekunde, ni zaidi ya nukta milioni 60 za kukokotolewa kila sekunde. Chipu ya michoro huzigawa kwa mamia ya vikokotozi vidogo vinavyofanya kazi pamoja. Prosesa yangu ina viini vinne tu, tena haina hata yale maelekezo ya vekta ya RISC-V, ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja, yaliyopitishwa rasmi mwaka 2021. Kampuni ya prosesa ya Intel, wenye fedha zao, walijaribu kuchora kwa viini vya prosesa ya kawaida katika mradi wa Larrabee, na mwaka 2009 wakaghairi kuutoa kama kadi ya michoro. Mimi wa Wete ningefanikiwa kwa lipi?

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Sheikh, ulitaka huria au ulitaka haraka?" Akakata simu.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi ningeisifu. Usiku nimesoma msimbo wa llvmpipe, programu huria inayoifanya prosesa ichore bila chipu ya michoro, nikaona kwa macho yangu jinsi pembetatu inavyogeuzwa kuwa nukta, elimu ambayo kadi ya dukani haikupi. Nilikuwa karibu kumsamehe yule bwana, mpaka nilipogundua kwamba juu ya bodi hiyo hiyo imo chipu ya michoro, imelala, kwa sababu draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, ni siri ya mtengenezaji na haikubali toleo langu la Linux. Huria gani hiyo inayoishia mlangoni? Sasa simsamehe, na simu zangu hapokei.

Mzee nilimwonyesha nyumba yake kwenye kompyuta kuukuu ya shemeji yangu, na humo iligeuka.