Maji ya bomba mtaani kwetu: nyota 2 kati ya 5, na moja ni ya presha

Presha ipo, hilo watu wa mamlaka ya maji siwanyimi. Yakitoka yanatoka kwelikweli, yanapanda mpaka kwenye simtanki ya juu bila pampu. Nyota ya kwanza hiyo. Shida ni kile kinachotoka.

Huku kwetu Dar tunapata kwa mgao, sasa siku yakirudi bomba linaanza kukohoa, linapuliza upepo, halafu linatema maji kama chai ya maziwa. Ndoo ya kwanza unamwaga, ya pili ya kudekia, ya tatu chooni, na hapo bado hayajatakata. Ukikinga kwenye beseni jeupe ukayaacha mpaka asubuhi unakuta tope laini chini na vichembe vyekundu vya kutu. Mashati ya shule ya watoto yashakuwa na rangi yake, hata jiki imenyoosha mikono.

Na mita inahesabu vyote jamani! Uniti moja ni lita 1000, yaani ndoo 50 za lita 20, kwahiyo hizo ninazomwaga nazilipia bei ileile ya maji safi. Jirani yangu anaapa mita inazunguka hata kwa ule upepo, nikaona anatia chumvi, nikaenda kuiangalia yangu kabla tone halijatoka na kweli kimshale kinacheza.

Nyota ya pili nampa dada wa huduma kwa wateja, anapokea simu, ana adabu, anakupa namba ya taarifa. Baada ya hapo kimya. Fundi alikuja mara moja, akafungulia koki ya nje akasema "yaache yatoke tu bosi, yatasafika yenyewe". Yatoke kwa hela ya nani sasa? Si wafungulie huko mwanzo wa laini uchafu utoke kwanza ndo waturudishie sisi? Maana bomba likikaa tupu, penye ufa linavuta vya nje, na mabomba ya huku mengine yamepita mle mle kwenye mitaro ya maji machafu. Hapo sio rangi tena, ni kuhara.

Kuna wanaosema chemsha tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, tope linabaki palepale. WaterGuard nayo, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ukiitia kwenye maji machafu hivyo nguvu inaishia kwenye uchafu. Sisi nyumbani tunazungusha shabu kwenye ndoo, ile ile ya vinyozi, tunaacha yatuame, tunachota ya juu, tunachuja kwa kitambaa, ndo kidonge cha WaterGuard kinaingia tunasubiri nusu saa. Kazi yote hiyo na bili nalipa.

Kama unahamia huku, kabla ya kuuliza kodi uliza tenki limetobolewa wapi. Bomba la kushusha maji ndani liwe juu kidogo ya kitako, na chini kabisa iwepo koki ya kutolea tope, bila hivyo utaoga matope. Halafu yakija machafu piga picha maji pamoja na mita, andika barua, ipeleke ofisini kwao kwanza na nakala yako igongwe muhuri, wakikuchunia ndo unaenda EWURA, wale wadhibiti wa huduma za nishati na maji, maana ukiruka hiyo hatua EWURA watakurudisha kulekule. Yangu ishagongwa.