Siku Nne Mlimani Elgon: Tathmini ya Programu ya Uongozi wa Vijana

Binti yangu mwenye umri wa miaka 16 alirejea Mbale mwezi uliopita baada ya siku nne za mafunzo ya uongozi katika Mlima Elgon, na kwa kuwa wazazi wenzangu wananiuliza kama ada ile ina thamani yake, naeleza niliyoyaona.

Ubora wa programu hii ni kwamba kila siku kijana mmoja hukabidhiwa kundi zima: ndiye anayesoma ramani, ndiye anayeamua mahali pa kupumzika, na ndiye anayemtanguliza mwenye mwendo wa polepole ili asiachwe nyuma. Mlezi hufuata akiwa kimya, kisha jioni huketi naye na kumhoji kuhusu kila uamuzi. Binti yangu alinionyesha daftari lake lililolowa mvua. Mbele ya jina la kila mwenzake alikuwa ameandika nani ana malengelenge na nani hakumaliza chakula.

Kilele cha Wagagai, chenye mita 4,321, hawakukifikia, kwa sababu mmoja wao aliumwa kichwa na kutapika, wakashuka naye wote. Nawapongeza kwa dhati, maana ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu akipanda juu sana penye hewa nyepesi, si wa kujaribiwa.

Lawama yangu ni nzito kidogo: makoti ya mvua hayakutosha, na wasichana saba walikuwa na mlezi mmoja tu wa kike. Hilo lirekebishwe kabla ya likizo ya Desemba. Hata hivyo, mlezi huyo bado humpigia simu binti yangu kila Jumamosi, na mdogo wake nimekwisha kumwandikisha.