Miezi sita na lipstiki ya Louis Vuitton ya dola 160

Lipstiki hii sikuinunua mwenyewe. Ni zawadi ya dada yangu, rangi ya 896 Monogram Rouge, na nilipojua bei yake nilimwambia ni heri angenipa hizo fedha mkononi. Dola 160! Louis Vuitton, nyumba ya mitindo ya Ufaransa inayojulikana kwa mikoba ya anasa, walipoingia kwenye vipodozi Agosti 2025, bei hiyo ilizungumzwa kuliko rangi zenyewe. Watu walikasirika kweli. Wengine walisema unalipia nembo, wengine wakakumbusha kwamba msanii wa vipodozi Pat McGrath, aliyezisimamia, alianzisha kampuni yake iliyokuwa ikiuza lipstiki kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Na mimi nilikuwa upande huo.

Bado naona bei ni kubwa mno. Ila nimeipaka karibu kila siku kwa miezi sita, na kuna jambo moja ambalo kelele za bei zililifunika.

Mdomo wangu wa juu ni mweusi kuliko wa chini, kama ulivyo kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi. Lipstiki nyekundu nyingi hunitoka rangi mbili: juu damu ya mzee, chini nyekundu ya kuwaka. Kwa miaka mingi nimezoea kusawazisha kwa foundesheni kidogo, kisha wanja wa mdomo, ndipo nipake nyekundu, na hata hivyo kufikia mchana mstari wa katikati unaanza kuonekana. Hii niliipaka yenyewe tu, bila chochote chini, ikafunika midomo yote miwili kwa rangi moja. Nilikaa mbele ya kioo nikiitazama. Sidhani ni bahati. McGrath ni Mwingereza mweusi mwenye mama kutoka Jamaika, amepamba wanamitindo wa Louis Vuitton nyuma ya jukwaa kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2021 alikuwa msanii wa kwanza wa vipodozi kupewa hadhi ya Dame, heshima kubwa ya Uingereza kwa wanawake. Mtu wa aina hiyo anaujua mdomo kama wangu. Katika mjadala wote wa bei, hili nimelisikia mara chache sana, na linaniuma, kwa sababu ndilo la maana kwetu.

Kikopo ni cha chuma, kina uzito mkononi, kimebuniwa na mbunifu Mjerumani Konstantin Grcic. Harufu ni ya maua na haikai sana. Rangi ziko 55, kwa kuwa L na V kwa namba za Kirumi ni 55. Kwangu hilo halina uzito.

Rifili, yaani rangi ya kujazia kikopo kile kile, ndiyo ninayoitazama zaidi, na nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua poda ya nyumba nyingine ya mitindo, sitaitaja jina, kikopo kizuri ajabu, nikaahidiwa kwamba ikiisha nitajaza tu. Ilipoisha, rifili hazikuwepo tena. Nilibaki na kikopo kitupu cha bei mbaya. Tangu hapo, nyumba ya mikoba au nguo ikianza kuuza vipodozi, naangalia kwanza bei ya kujaza, maana mara ya kwanza unalipia kikopo, ya pili ndipo unalipia rangi. Hapa rifili ni dola 69. Hermès, nyumba nyingine ya anasa ya Ufaransa, walipotoa lipstiki zao mwaka 2020, nzima na kikopo chake ilikuwa dola 67, na watu waliishangaa hata hiyo. Yaani rangi tupu ya leo imepita bei ya lipstiki kamili ya anasa ya juzi. Waliokasirika walikuwa na haki, na ningependa hasira yao ingeelekea kwenye rifili zaidi kuliko kwenye ile 160.

Ningemshauri mtu anunue? Kama unatafuta nyekundu tu na mdomo wako hausumbui, hapana. Zipo nzuri nyingi kwa bei ndogo sana. Kama umehangaika na midomo ya rangi mbili kama mimi, nenda dukani ukajaribu kwanza, mchana, karibu na dirisha. Rangi za kope za Louis Vuitton, za dola 250, sizigusi. Rifili ya 896 nimeshaanza kuiwekea akiba, kwa sababu hii niliyo nayo imebaki kama nusu ya kucha.