Fimbo ya Kuvulia Iliyofungwa Ovyo, na Fundi wa Malindi Aliyeitengeneza Upya

Fimbo ya kuvulia inayotengenezwa kwa kuagizwa humgharimu mwenyewe zaidi ya ile ya dukani, na hiyo ndiyo sababu ubovu wake huuma zaidi. Yangu, iliyoundwa na mtu ambaye sitamtaja, ilikuwa na ufito mzuri wa kaboni, lakini karibu kila kilichofungwa juu yake kilifungwa ovyo. Niliipeleka katika karakana ndogo iliyoko mji wa kale wa Malindi, na tathmini hii inahusu kazi iliyofanywa hapo.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba fundi hakushika wembe kabla ya kuipima fimbo. Alipitisha mshipi katika pete zote, akaufunga kwenye uzito uliowekwa sakafuni, kisha akaipinda fimbo taratibu na kuniita niitazame kwa ubavu. Hii ni fimbo ya kukokotea chambo nyuma ya mashua, ambayo rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, na pete zake hukaa upande wa juu. Ilipopinda, mshipi ulishuka katikati ya pete mbili na kulala juu ya ufito wenyewe. Mbele ya jodari mkubwa, msuguano huo ungetosha kuukata mshipi. Pete zilikuwa chache mno, tena zimepangwa kwa nafasi sawa, ilhali inapaswa zizidi kukaribiana kadiri zinavyoelekea nchani.

Kazi ya kuzing'oa ndiyo iliyonionyesha ustadi wake. Aliilainisha gundi ya epoksi kwa hewa ya moto ya kadiri, kisha akaukata uzi juu ya mguu wa pete tu, mahali ambapo chuma kinaukinga ufito usiguswe na wembe. Kaboni ikichanjwa hata kidogo, hapo ndipo itakapovunjika siku ya mzigo. Gundi iliyobaki aliikwangua kwa kipande cha plastiki, bila haraka, huku akipitisha kidole kila mara kutafuta kilichosalia.

Kishikio cha rili kilikuwa kikicheza kwa sababu nafasi iliyokuwa chini yake ilijazwa utepe wa karatasi ambao maji ya chumvi yalikwisha kuuozesha. Ilibidi kipasuliwe na kuwekwa kingine. Pete mpya zilipigwa tupa miguuni ili zisiuchimbe ufito, zikafungwa kwa uzi na kupakwa epoksi mara mbili, nyembamba nyembamba, fimbo ikizungushwa polepole na mota ndogo ili gundi isitiririkie upande mmoja. Upakaji huo huufanya alfajiri, kwa kuwa joto la mchana wa Malindi huifanya gundi ianze kushika kabla haijatandazwa vizuri.

Kasoro zipo. Kusubiri kulikuwa kurefu, kwani pete ziliagizwa kutoka nje ya mji na fundi hapendi kutaja tarehe. Risiti niliipata baada ya kuidai. Rangi ya uzi mpya, kusema kweli, haipendezi, na nilipomwomba mapambo karibu na mpini alikataa akisema yanaongeza uzito bure. Katika mji ambao uvuvi wa sulisuli umewavuta wageni tangu kabla ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia, wateja wa mapambo hawakosekani, ila naona karakana hii si yao.

Baharini, fimbo imekwisha kuwavuta nguru na jodari, na sulisuli mmoja aliyerudishwa majini akiwa hai, na mshipi haujagusa ufito wala rili haijacheza. Gharama yote haikufikia nusu ya bei ya fimbo mpya ya aina hiyo. Anayetaka kuipata yake mapema aipeleke wakati wa kusi, mashua nyingi za uvuvi wa mchezo zinapokuwa zimeegeshwa, na akubaliane na fundi kwa maandishi kuhusu bei ya pete kabla hazijaagizwa.